Bunduki Nne, Vyango Vitatu

Alhamisi, tarehe 7 Novemba

Reino Kangas, huna haya! Mtu anakaa jikoni kwangu, anakula vipande vitatu vya mkate wangu wa iliki, anapangusa siagi kwa mkono wa shati, halafu ananiambia, Hilja, mwaka huu ubaki nyumbani upumzike. Una miaka themanini na moja. Magoti yako yanalia kama mlango wa ghala. Na wewe ndiye wa kumwambia mwenzio amezeeka?

Nimeyaandika hayo kwanza yatoke. Sasa jambo lenyewe.

Msimu wa kulungu unafunguliwa Ijumaa ijayo, tarehe kumi na tano, kama kila mwaka tangu nizaliwe. Kambi yetu msituni ni chumba kimoja, sauna ndogo ya kuogea mvuke kwa nje, jiko la kuni, vitanda vinne na ubao ukutani wenye vyango vitatu vya kutundikia bunduki. Aliyevichonga ni marehemu baba yao Reino na Arvo. Sheria ni yake pia: bunduki yako ikiwa kwenye chango jioni ya kuamkia ufunguzi, una kibanda chako cha kuvizia. Isipokuwa kwenye chango, wewe ni mpishi.

Chango cha mlangoni ni cha Reino, shemeji yangu. Cha kati ni cha Gordy, mume wa binti yangu. Cha dirishani ni chetu, mimi na marehemu Arvo. Miaka thelathini na minane tulitundika bunduki moja tukapokezana kibanda, yeye asubuhi, mimi mchana. Tangu afe naenda peke yangu, asubuhi na mchana. Jumla misimu arobaini na minne.

Mwaka huu anakuja Tessa, mtoto wa Gordy, mjukuu wangu. Ana miaka ishirini na mitatu, kazi yake kuchomelea vyuma, kibali amekwisha kata. Reino anasema watu wanne, vyango vitatu, hesabu haihitaji shule. Bunduki ya Arvo apewe Tessa pamoja na chango, na mimi nioke pasti za kutosha, kwa sababu hakuna anayekunja nyama na viazi ndani ya unga kama mimi. Nikamwambia atoboe tundu la nne. Akasema ubao wa baba yake hautobolewi yeye akiwa hai. Nikamwambia basi tusubiri, si mbali.

Mwishowe akalegea. Jumapili, shimo la kokoto, kila mtu risasi tatu kwenye sahani ya karatasi, hatua mia moja. Zote tatu ziingie. Bunduki itakayopimwa ndiyo itakayotundikwa. Alisema "kila mtu" huku akinitazama mimi.

Niandike na hili, maana daftari la mapishi haliwezi kunisengenya. Pale kambini anayekosa kulungu hukatwa mkia wa shati, yaani pindo la nyuma, likaandikwa jina na mwaka, likapigiliwa ukutani. Reino ana vitambaa kumi na kimoja. Gordy sita. Arvo alikuwa na vinne, Mungu amrehemu. Mimi sina hata kimoja. Nilikosa mara moja mwaka 1988, ila siku hiyo kulikuwa na upepo na hakuna aliyesikia.

Ijumaa, tarehe 8

Nimetoa bunduki zote mbili, nikahakikisha hazina kitu ndani, nikaziweka kitandani kama wagonjwa.

Ya kwanza ni ya Arvo. Fupi, nyepesi, ya wenzo: unavuta wenzo chini, unarudisha, iko tayari. Pale alipokuwa akiishika, chuma kimekuwa cheupe. Kulenga ni kwa macho tu, kijino cha mbele ukioanishe na mfuo wa nyuma.

Ya pili tunaiita Ile Kubwa. Arvo aliishinda kwenye bahati nasibu ya kikosi cha zimamoto. Ina darubini. Ina pia teke la farasi. Siku ya kwanza ilimpasua Arvo unyusi, akazikwa na kovu lake.

Nikalenga kalenda ya ukutani. Kwa ya Arvo, vijino vya mbele ni viwili. Nikafumba jicho, nikafumbua. Viwili. Kwa Ile Kubwa, niliona nzi aliyekufa juu ya tarehe ishirini na nne, na miguu yake.

Daktari aliniambia tangu masika kwamba jicho la kulia lina mtoto wa jicho. Nilimwambia taa yake ndiyo yenye mtoto. Sijamwambia mtu na sitamwambia. Reino akijua jicho langu lina utando, ataniondoa msituni, kisha barabarani, kisha nitakuwa nawekwa dirishani na blanketi magotini, naonyeshwa ndege.

Uamuzi: Jumapili nitapima kwa Ile Kubwa, na kambini nitatundika ya Arvo. Moja ya macho yangu, moja ya macho ya watu.

Baadaye nikakumbuka. Inayopimwa ndiyo inayotundikwa. Na kile chango cha dirishani hakijawahi kubeba bunduki nyingine ila ya Arvo. Nikitundika Ile Kubwa, Reino atauliza kwa nini nimeanza kupenda darubini uzeeni.

Uamuzi umefutwa.

Jumamosi, tarehe 9

Tessa amekuja kuniletea kuni. Akaiona bunduki ya Arvo mezani. Akauliza anaweza kuishika. Nikamwambia mikono ina mafuta ya mashine, akanawe. Akanawa. Nikamwambia akanawe tena. Akanawa tena.

Akaiweka begani bila kuonyeshwa. Ikamkaa. Sikupenda ilivyomkaa.

Akasema, "Bibi, babu ndiye aliyenifundisha kulenga na hii, nilikuwa na miaka tisa, risasi hakunipa." Nikamwambia babu yake alifundisha pia mbwa kuimba, na mbwa hakupewa bunduki. Akacheka. Mtoto huyu humtukani akakasirika, ni hasara ya matusi.

Akauliza, sasa mwaka huu nimeamua kubeba ipi? Nikamwambia mwindaji wa kweli haulizwi. Akasema yeye bado hana yake, atapima kwa ya baba yake, na kama hakupata chango atalala kitandani na kuosha vyombo, si neno. Alisema "si neno" huku bado ameishika.

Nikamtuma akaangalie kuku. Sina kuku tangu mwaka juzi. Alikaa nje dakika tano kwa heshima, akarudi akasema wako salama.

Alipoondoka nikaanza kazi. Sahani ya karatasi, iliyobaki kwenye mnada wa keki wa kanisa. Sindano ya kufumia. Matundu matatu, karibu karibu lakini si karibu sana, maana Reino si mjinga kabisa. Nikazungushia kila tundu masizi ya jiko. Kazi safi. Jumapili nitapiga na ya Arvo kwa sauti na heshima zote, nitaifuata sahani yangu mwenyewe, na ile ya ndani ya koti itatoka, ile iliyolengwa itaingia.

Arvo angecheka. Halafu angenikataza.

Jumapili, tarehe 10

Mambo hayakwenda.

Baada ya ibada tulikwenda shimo la kokoto. Upepo kutoka ziwani ulikuwa unakata masikio. Reino alikuwa na penseli sikioni kama karani wa mahakama. Akapiga yeye, tatu ndani. Akapiga Gordy, tatu ndani, ya tatu ikiwa pembeni kabisa, wakabishana. Kisha mimi na Tessa pamoja, sahani zetu zimesimama jirani.

Nilivuta wenzo, nikapiga, mara tatu. Nilijisikia vizuri sana. Nikawaambia wasijisumbue, nitaifuata mwenyewe. Gordy akasema, "Mama, kokoto zinateleza, ngoja nikushike." Nikamwambia nimetembea juu ya kokoto kabla ya baba yako kuvaa suruali. Kule mbele nikawapa mgongo, nikabadilisha. Nikarudi nikiwa nimeinua sahani kama bendera.

Reino akaipokea. Akaigeuza. Akapitisha kidole. Karatasi ikipigwa risasi hupasukia nyuma, upande risasi inakotokea. Zangu zilikuwa zimepasukia mbele. Nilitoboa sahani ikiwa imelala kifudifudi.

Reino akavua kofia. Akauliza, kwa upole mkubwa, "Shemeji, kulungu wa mwaka huu wameanza kujibu mapigo?"

Kisha akainusa. Akasema risasi za Hilja zinanukia mdalasini.

Gordy aligeuka akatazama miti. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikatoa sahani ya kweli mfukoni, kwa sababu sikuwa na jingine la kutoa. Safi. Unaweza kulia chakula. Hapo ndipo Tessa akaita kutoka kule mbele, sauti ndogo, kwamba yake ina matundu matano.

Alikuwa amepiga risasi tatu.

Wakahesabu mara mbili. Mbili kati ya zangu ziliingia kwenye sahani ya Tessa, na zilikaa vizuri kuliko zake, hilo liandikwe. Ya tatu haijulikani iko wapi. Reino akatoa hukumu: bunduki ya Arvo haina kosa, mwenye kosa ni anayelima shamba la jirani. Nikamwambia upepo uliisukuma. Akasema upepo ulikuwa unavuma kutoka upande ule mwingine.

Lakini Reino hakunifuta. Sijui kwa nini, labda baridi. Akasema Alhamisi mchana, palepale kambini, nipige tatu tena kwa bunduki yoyote ninayotaka. Zikiingia, chango cha dirishani ni changu. Zisipoingia, ni cha Tessa, na pasti ziwe na vitunguu vingi.

Bunduki yoyote. Amesema mwenyewe mbele ya mashahidi.

Jumatatu, tarehe 11

Ile Kubwa, basi. Watu waseme watakavyo kuhusu darubini. Nimeshona soksi mbili za sufu za Arvo ndani ya bega la fulana yangu ili kupokea teke. Nimejaribu mbele ya kioo. Upande mmoja naonekana kama mlinzi wa benki.

Mchana nimefikiri zaidi. Nikikosa tena je? Mtu mwenye akili haweki mayai yote chini ya kuku mmoja. Inatakiwa chango kingine kiwe wazi. Cha Gordy sigusi, binti yangu atanilaumu hadi kaburini. Kinabaki cha Reino.

Bunduki ya Reino ni kama Ile Kubwa, ina komeo: kile kipande cha chuma cha nyuma kinachosukuma risasi ndani na kuifunga. Komeo huchomoka lote zima. Huku kwetu kila nyumba huchomoa komeo na kulificha mbali na bunduki, kwa ajili ya watoto, na kila nyumba inajua jirani kalificha wapi. Arvo alificha la Ile Kubwa kwenye debe la unga wa ngano, na bado limo humo. Reino analo kwenye kopo la kahawa, rafu ya juu, chumba cha kuvulia nguo cha sauna yake. Limekuwa hapo tangu 1979.

Bunduki bila komeo ni fimbo. Fimbo haitundikwi.

Jumanne, tarehe 12

Nimekata viazi na nyama. Nimekunja pasti kumi na nane. Sikuweka vitunguu vingi.

Jumatano, tarehe 13

Siku ya sauna kwa Reino. Wanawake kwanza, yaani Bernice mkewe na mimi. Bernice alitangulia kuingia. Nikasema nafungua viatu. Nikapanda kwenye benchi, miaka sabini na tisa, nguo ya ndani tu, nikashusha kopo. Komeo lilikuwamo, limefungwa kitambaa cha mafuta. Nikaliviringisha kwenye shati la kwanza nililoligusa kwenye misumari, nikalisukumia chini ya kikapu changu.

Bernice akauliza kutoka ndani mbona nachelewa. Nikasema ni kamba za viatu. Akasema nilikuja na buti za mpira. Nikaingia nikamwaga maji kwenye mawe mpaka mvuke ukamnyamazisha.

Nyumbani nimegundua shati ni la Reino, lile jekundu la mirabaraba. Sitalirudisha, nitaonekana mwizi. Komeo nimelificha mahali pasipo mtu wa kufikiria, kwenye debe la unga.

Dhamiri inauliza kidogo. Nimeijibu kwamba baada ya ufunguzi nitaliokota mahali fulani kwa mshangao.

Alhamisi, tarehe 14, kambini

Naandika nikiwa kwenye kitanda cha juu, ambako nimepanda ili wasinione uso. Bado kuna mwanga. Theluji inaanguka. Wote watatu wanakunywa kahawa chini.

Yalikuwa hivi. Asubuhi Gordy alifika saa nzima kabla ya wakati na akaanza kupiga honi. Bunduki zote mbili zilikuwa bado mezani, maana hata saa ile moyo ulikuwa unabishana. Nikaishika ya Arvo. Nikaiweka. Nikaichukua Ile Kubwa, nikaitia kwenye mfuko wake. Nikatumbukiza mkono kwenye unga, nikapata komeo, nikalifunga kwa leso bila kulitazama. Hata ningelitazama, kwa jicho lile. Tessa alikuwa anabeba pasti kutoka jikoni. Tukaenda.

Maili hamsini. Kambini Reino alikuwa ameshafika. Alikaa mezani, kofia kichwani, bila hata salamu ya kejeli. Nikajua kopo limefunguliwa, limekutwa tupu. Nikajisikia vizuri, kisha nikajisikia hivi hivi.

Akafungua mfuko wake akatoa bunduki yake. Ilikuwa na komeo. Linang'aa. Akalisukuma mbele na nyuma, kacha, kacha, akaitundika mlangoni.

Sikuelewa. Gordy akasema twende nje nikapige kabla theluji haijazidi. Nikatoa leso. Unga ukamwagika mezani. Nikalitia komeo kwenye Ile Kubwa. Likagoma. Nikaligeuza. Likagoma. Nikalipiga kwa kiganja. Gordy akasema, "Mama, taratibu." Nikamwambia bunduki hii imezoea kupigwa.

Reino akasimama. Akalichukua mkononi mwangu, akapuliza unga. Akaligeuza huku na huku. Akasema, "Hili ni la baba."

Na ndivyo ilivyokuwa. Bunduki ya baba yao iliungua na ghala kabla sijaolewa. Kilichobaki ni komeo. Reino huliweka kwenye kopo la kahawa, na kila mwaka asubuhi ya safari huligusa kabla ya kuondoka. Leo hakulikuta. La bunduki yake mwenyewe hulilaza chini ya mto wake tangu mwaka jana, kwa sababu, alisema, ananijua.

Nilidhani atapiga kelele. Nilikuwa nimeandaa majibu manne. Akauliza tu, "Shemeji, na unga huu wa nini?"

Nikasema wa ngano.

Kwa hiyo hali ni hii: komeo la Ile Kubwa liko nyumbani ndani ya unga, maili hamsini. Nimekuja kuwinda na fimbo yenye darubini. Reino akasema habari ya chango cha dirishani anadhani tumeimaliza. Hakulisema kwa furaha, hilo nalo liandikwe.

Ndipo Tessa akatoka kwenye pikapu na kitu ndani ya blanketi. Bunduki ya Arvo. Akasema aliiona mezani, akadhani nimeisahau. Akanipa mimi, si Reino.

Reino akasema anayehitaji kupima apime. Nikatazama nje, theluji, sahani nyeupe juu ya kisiki cheupe. Ningeweza kusema ndiyo. Nikamwambia Tessa apime yeye, mimi bega linaniuma. Alipiga tatu. Zote ndani, ungeweza kuzifunika kwa kikombe.

Akaitundika dirishani. Akaitazama kidogo. Kisha akamwambia Reino kwamba Bibi na babu walikuwa wakipokezana kwenye chango hiki, bunduki moja watu wawili, na kwamba yeye anataka vivyo hivyo. Reino akasema sheria ni sheria. Tessa akasema hiyo nayo ilikuwa sheria. Reino akapekua kichwa chake chote akitafuta jibu. Akasema haya, pokezaneni.

Gordy akaomba pasti. Akasema vitunguu ni vichache.

Ijumaa, tarehe 15, ufunguzi

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa kibandani, mimi na Tessa, fulana za rangi ya chungwa, chupa ya kahawa katikati. Mimi nilivaa shati la Reino ndani. Shati la wizi lina joto.

Tulikubaliana yeye asubuhi, mimi mchana. Akaishika bunduki. Mimi nikawa namwelekeza, usipumue hivyo, usikae hivyo, usiangalie huko. Hakukasirika. Nimeshasema, hasara.

Saa mbili likatoka dume la kulungu. Polepole, kutoka kwenye mierezi, matawi manane ya pembe, shingo nene kama gunia. Hatua sitini. Tessa akainua bunduki. Na mimi, mkono wangu wenyewe, ukaenda ukaishika.

Alinitazama. Akaniachia.

Nililenga. Madume yalikuwa mawili, yamesimama bega kwa bega, yenye pembe zinazofanana. Nikachagua la kushoto, lilikuwa na sura ya upole. Nikapiga.

La kushoto halikuwapo.

Dume la kweli likainua kichwa, likatazama huku na huku kama mtu aliyeitwa jina sokoni. Halikukimbia. Tessa akaichukua bunduki mapajani mwangu, taratibu, akavuta wenzo, akapiga mara moja. Likaanguka palepale.

Tukakaa. Moshi ukaondoka. Akainua mkono mbele ya uso wangu akauliza, "Bibi, vidole vingapi?" Nikamwambia vya kutosha. Akauliza tangu lini. Nikamwambia ni ukungu. Hakukuwa na ukungu. Akasema msimu ukiisha atanipeleka kwa daktari wa macho mwenyewe, hata kwa kunibeba. Nikamwambia apasue kulungu wake kabla hajapoa, na mambo ya jicho yabaki kibandani.

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akaniambia babu alimsimulia habari za mwaka 1988. Arvo alisikia! Miaka yote ile alisikia na hakusema. Sijui niseme nini juu ya mtu wa namna hiyo. Nimeshamlilia, sitarudia.

Kambini Reino alitusubiri mlangoni. Alisema amesikia milio miwili, na kulungu ana tundu moja. Tessa akafungua kinywa aseme yote miwili ni yake. Niliona anavyojiandaa kudanganya, na anadanganya vibaya sana, masikio yanamwiva. Sikuvumilia. Nikasema wa kwanza ni wangu, na nilikosa, na kama kuna mtu ana mkasi aache kunikodolea.

Reino alikuwa nao mfukoni. Miaka arobaini na minne ameisubiri siku hiyo, mkasi akaunoa asubuhi ileile. Nikageuka. Nikainama kidogo. Akakata mkia wa shati kwa mkato mmoja mrefu, Gordy akapiga makofi, Reino akachukua kalamu akaandika HILJA kwa herufi kubwa, akaanza kuandika mwaka.

Akasimama. Pale pembeni palikuwa na kiraka cha bluu, mshono wa Bernice.

Akakitazama kiraka. Akanitazama mimi. Akakitazama kiraka. Akasema, "Hili ni shati langu."

Nikamwambia ndiyo. Kwa hiyo kitambaa ni chake. Ni cha kumi na mbili. Mimi bado sina hata kimoja.

Wamebishana kuanzia saa nne hadi chakula cha mchana. Gordy anasema jina ndilo linalohesabika. Tessa anasema nguo. Reino amekipigilia ukutani kwa misumari sita, huku akisema hajawahi kuona mwanamke kama mimi, na kwamba kaka yake alikuwa mtakatifu. Kisha akakata pasti yake nusu akaniwekea nusu kwenye sahani yangu. Tumekula.

Kulungu wa Tessa ananing'inia nje. Ni mkubwa. Nimemwambia nilimsimamisha kwa mlio wa kwanza makusudi, na amekubali.

Sasa ni saa tisa. Nimefikiri sana na nimeona kosa lilikuwa wapi. Kosa ni bunduki. Ya Arvo ni ya Tessa, imeshajulikana, hata chuma kinajua. Mimi wa kubeba ni Ile Kubwa, na Ile Kubwa inahitaji chango chake, na ubao una nafasi nzuri tu upande wa jiko. Reino anaingia sauna ya hapa kambini saa kumi na moja jioni kesho, hukaa humo nusu saa.

Kwa hiyo nitawanong'oneza hivi: Gordy, kesho alfajiri washa pikapu urudi nyumbani, chekecha debe la unga mpaka upate komeo langu, ulitazame vizuri, na ulete na keekee ya kutobolea. Tessa, utoboe wewe, una mkono uliotulia, mimi nitasimama mlangoni. Na mtu asiguse shati langu.